Simu Haijui Kama Unavuta Tela

Mjomba wangu ana semi ya ekseli sita, mimi nina simu. Siku moja, miaka mitatu iliyopita, tulidhani vitu hivyo viwili vinatosha.

Alikuwa amepakia nondo, tani ishirini na nane, anazipeleka kwa mteja aliyekuwa akijenga ghala pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwa mtu aliyezoea kwenda Lubumbashi na kurudi, hiyo ni kazi ya kunyoosha miguu. Nami nilikuwa naelekea upande huohuo, nikaomba lifti. Mteja akarusha lokesheni kwa WhatsApp. Mjomba akanikabidhi shughuli: "Mjomba, wewe msomi, tuongoze." Kwetu mtu na mpwawe huitana mjomba kwa mjomba, kwa hiyo kwenye kile kichwa cha lori tulikuwa wajomba wawili na utingo mmoja. Utingo ndiye aliyekuwa na akili kuliko sote, maana tangu mwanzo alisema tufuate barabara kubwa hadi mwisho.

Simu ikasema ipo njia ya mkato, inaokoa dakika kumi na moja. Tukakunja kushoto.

Mita mia mbili za kwanza hazikuwa na neno. Kisha nyaya zikaanza kuning'inia. Utingo akashuka, akachomoa fito lenye panda ambalo husafiri nalo nyuma ya kichwa cha lori, akapanda juu ya mzigo na kuanza kuinua nyaya za simu moja baada ya nyingine, sisi tukitambaa chini yake kwa gia ya kwanza. Barabara ikazidi kubana. Kushoto fensi ya matofali, kulia fensi ya matofali, na mbele kalavati. Pembeni ya kalavati alikaa mama anayeuza maandazi. Alitutazama kama mtu anayetazama sinema aliyokwisha kuiona. "Nyie, hapo hapapiti hata fuso ya mchanga," akasema. "Ya mwezi uliopita ilimega ukingo."

Kurudisha tela kinyumenyume katika uchochoro wenye kona si jambo la kusimuliwa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa semi. Ukikata kulia, tela linakwenda kushoto, na likishaanza kujikunja unarudi mbele kuanza upya. Tulitumia saa moja na dakika ishirini. Kwenye kona ya mwisho, bampa ya nyuma ya tela iligusa fensi ya mtu, fensi ikapata ufa. Mazungumzo yalianzia laki tatu yakaishia laki na nusu. Nilizitoa mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa msomi.

Tangu siku ile madereva na wenye magari wananiuliza, kwa vile wanajua napenda mambo ya simu: programu ipi ya ramani inafaa kwa gari kubwa? Nimejibu swali hilo vibaya mara nyingi. Nilikuwa nataja jina la programu, mtu anaipakua, anakwenda nayo, anarudi na hadithi kama yangu. Leo nataka kulijibu kwa kirefu.

Kwanza niwaondolee lawama setilaiti. Zile za mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia zikiwa juu kwa takribani kilomita 20,200, na simu inahitaji kuzisikia angalau nne kwa pamoja ili ipige hesabu ya mahali ulipo. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiivuruga kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita mia hivi. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Leo hata simu ya laki mbili inajua uko kwenye mtaa gani. Siku ile ya nondo, simu yangu haikukosea hata kidogo. Ilijua tulipokwama, penyewe hasa.

Tatizo ni kwamba simu inajua uko wapi, haijui wewe ni nini. Hilo la pili lazima uliseme mwenyewe, na programu nyingi hazina hata mahali pa kulisemea. Fungua Google Maps. Itakuuliza kama unakwenda kwa gari, kwa pikipiki, kwa basi au kwa miguu. Hadi ninapoandika haya, hakuna kisanduku cha kuandika uzito wala cha kuandika urefu wa kwenda juu. Waze, ambayo Google waliinunua mwaka 2013, inakupa kuchagua aina ya chombo, kama gari binafsi, teksi au pikipiki, lakini lori halimo. Basi. Mbele ya programu hizi semi ya mjomba yenye nondo tani ishirini na nane ni Vitz.

Nimesema "urefu wa kwenda juu" kwa makusudi. Kiswahili kina neno zuri, kimo, lakini barabarani hulisikii. Dereva anasema urefu kwa yote mawili, wa kutoka bampa hadi bampa na wa kutoka lami hadi juu ya kontena. Nimeona mtu akijaza mipangilio ya programu ya malori akaandika 18 penye kimo na 4 penye urefu. Programu ikamwambia hakuna njia. Akaifuta, akasema ni mbovu.

Programu zinazostahili kuitwa za magari makubwa unazitambua kwa swali la kwanza. Kabla ya kukuuliza unakwenda wapi, zinataka kujua una nini: kimo, upana, urefu, uzito wote, uzito wa ekseli, na kwa baadhi, kama umebeba mafuta au mzigo mwingine wa hatari. Sygic ya Slovakia wana toleo la malori. TomTom wanalo. CoPilot pia. Garmin wanauza kifaa chenyewe cha kubandika kwenye dashibodi, kimetengenezwa kwa ajili ya malori tu. Marekani madereva wengi wanatumia Trucker Path, na humo wamo Wakongo, Wakenya na Watanzania waliokwenda kutafuta maisha kwenye barabara za kule. Halafu ipo OsmAnd, inayotumia ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea. Nayo ina mpangilio wa lori ambao unaujaza vipimo vyako.

Hapo ndipo makala nyingi za aina hii huishia. Mwandishi anapanga majina, anatoa nyota, anakwenda kunywa chai. Mimi hapo ndipo nilipokosea.

Baada ya ile fensi nilipakua programu moja ya malori, nikajaza vipimo vya semi ya mjomba kwa uangalifu wa mtu aliyekwishalipa laki na nusu, nikaiomba njia ya kwenda kwenye lile ghala. Ikanipitisha kwenye kalavati lilelile. Nikapandisha uzito hadi tani 56, kiwango cha juu kabisa ambacho Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaruhusu kwa gari la ekseli saba. Kalavati lilelile. Nikaiambia lori lina kimo cha mita sita, yaani linapita juu ya nyaya zote za mtaa ule na kuzikokota. Kushoto, ikasema, kisha mita mia nne.

Haikuwa na ubishi, ilikuwa na ukimya. Programu ya malori inalinganisha vipimo vyako na vipimo vilivyoandikwa kwenye ramani. Mahali pasipoandikwa kitu, haina cha kulinganisha, na ikikosa cha kulinganisha inakuruhusu. Daraja lisilo na kipimo kwenye ramani, kwa programu, ni daraja linalobeba chochote. Katika ramani za Ulaya na Marekani Kaskazini kuna watu waliolipwa miaka mingi kuandika kimo cha kila daraja na uzito wa kila kivuko, na bado hawajamaliza. Kwetu data hizo ni nyembamba mno. Unalipia programu iliyosomea Ujerumani, halafu unaipeleka Kitunda, Dar es Salaam.

Waingereza wana utaratibu mmoja ambao nauhusudu. Kwao daraja la juu ya barabara likiwa na nafasi chini ya futi 16 na inchi 6, yaani kama mita 5.03, linawekewa kibao. Daraja lisilo na kibao, dereva ana haki ya kuamini kwamba nafasi hiyo ipo. Kwa maneno mengine, kwao hata ukimya una kipimo. Kwetu ukimya unaweza kumaanisha kwamba daraja ni kubwa, au kwamba kibao hakikuwekwa, au kwamba kiliwekwa kikaibwa. Hili la tatu nitalirudia.

Wala tusidhani kuandika vipimo kunamaliza kazi. Mjini Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, lipo daraja la reli ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8, kama mita 3.56. Malori yalikuwa yakichunwa paa pale, mtu mmoja akaweka kamera mwaka 2008, video zake zikatazamwa dunia nzima. Pana vibao na pana taa. Mwaka 2019 wenye reli wakaliinua kwa inchi 8. Magari yakaendelea kuchunwa. Boston ndiyo kabisa: kuna barabara iitwayo Storrow Drive, madaraja yake ni mafupi na malori yamekatazwa. Kila mwaka ifikapo Septemba mosi, siku ambayo wanafunzi wengi wanahama nyumba kwa malori ya kukodi, lazima mmoja akwame. Kwa nini? Kijana amepewa lori asubuhi hiyo, simu yake iko kwenye mpangilio wa gari dogo, naye hajawahi kujiuliza kimo cha kitu chochote maishani. Data zipo. Simu haijaambiwa.

Kwa hiyo kuna makosa mawili tofauti na tusiyachanganye. La wanafunzi wa Boston ni kutumia programu ya Vitz kwenye lori. Dawa yake ni rahisi, badilisha programu. Letu ni la pili: hata ukibadilisha programu, ramani haina cha kusema.

Niipeleke hoja barabarani, barabara ninayoijua kidogo kwa kumsindikiza mjomba: Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Ukiiuliza simu, itakupa saa za gari dogo. Haijui mizani. Vigwaza unapanda, Mikese unapanda, Wenda, Makambako, Uyole, na Mpemba ukiwa umekwishaanza kunusa mpaka. Kila mzani una foleni yake na bahati yake. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa tani 50: nane mbele, kumi na nane kwa ekseli mbili za kichwa, ishirini na nne kwa tatu za tela. Mzigo ukiwa umesogea kidogo Mikumi kwa matuta, jumla iko sawa lakini ekseli moja imezidi, na hapo hakuna programu itakayokusaidia kupanga upya.

Haijui milima pia, au inaijua kama picha ya kupendeza. Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, gari dogo linapanda dereva akizungumza na simu (asifanye hivyo). Semi yenye mzigo inapanda kwa mwendo ambao mtu mwenye haraka anaweza kushuka akatembea. Na kushuka ndiko kunakoua. Mteremko wa Iwambi pale Mbeya umekula watu wengi kiasi kwamba madereva wanautaja kwa sauti ya chini. Baadhi ya programu za malori zinatoa tahadhari ya kona kali, na hilo nalisifu. Lakini kuamua gia ya kushukia, uamuzi unaofanywa juu, kabla mteremko haujaanza, hiyo bado ni elimu inayotoka kwa dereva mkubwa kwenda kwa dereva mdogo. Mjomba anasema: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Hakuna programu iliyowahi kuniambia hivyo.

Nalalamikia zile saa kwa sababu mwenye mzigo naye ana simu. Anakaa ofisini, anaandika Dar, anaandika Tunduma, anaona saa kadhaa, anapiga: "Bado hujafika?" Nimekaa ndani ya lori simu hiyo inapopigwa. Mjomba alijibu kwa heshima, "Tuko njiani, bosi," kisha akakaa kimya hadi Mafinga. Saa za Vitz zikishaingia kichwani mwa bosi, zinageuka kuwa mwendo kwenye mteremko. Kama nina ombi moja kwa wenye makampuni, ni hili: mkishampa dereva programu, nanyi fungueni hiyohiyo, kwa vipimo vya gari lilelile. Msimpimie kwa nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa programu, walioko mbali, hawalielewi. Kwa dereva wa lori wa Tanzania neno GPS halimaanishi njia. Linamaanisha bosi. GPS ni kile kidude kilichofichwa nyuma ya dashibodi ambacho kinasema ulisimama wapi, kwa dakika ngapi, na kama ulizidisha kilomita 80 kwa saa. Ukimwambia dereva mzee "weka GPS", anakutazama kama umemwambia aweke polisi. Na mzigo wa transiti una kidude chake cha forodha juu ya hicho, kwa kuwa bidhaa zinazovuka nchi bila kulipiwa ushuru zinatakiwa zifuate njia iliyopangwa. Sasa fikiria: programu inakuambia mbele kuna foleni, kunja hapa. Ukikunja, kidude cha ofisini kinalia na cha forodha kinalia. Utaeleza kwamba simu ndiyo iliyokutuma? Kwa mwenye mzigo wa transiti, programu inayochagua njia yenyewe kila ikiona foleni ni hatari kuliko kutokuwa na programu. Chagua ile inayokuruhusu kuichora njia mwenyewe na kuifunga, isibadilike mpaka useme wewe.

Nije kwenye uchaguzi sasa, kwa kuwa najua kuna msomaji amekwisha kuchoka na visa vyangu.

Ukipata programu yoyote inayojiita ya malori, usiilipie siku hiyohiyo. Ijaribu kwa uongo. Chukua barabara unayoijua, yenye daraja au kalavati ambalo semi haipiti, ujaze kimo cha mita sita na uzito wa tani 56, uombe njia. Ikikataa au ikizunguka, kuna mtu ameandika kitu humo, unaweza kuanza kuzungumza nayo. Ikikupitisha palepale bila wasiwasi, vipimo vyako inavipokea kwa adabu tu. Fanya hivyo mara tatu, sehemu tatu tofauti za njia yako. Jaribio hili ni bure na halihitaji kuwasha gari.

Pili, iwe inafanya kazi bila mtandao, na ramani za nchi zote za njiani ziwe zimepakuliwa kabla hujatoka yadi. Katikati ya Mikumi mtandao unakuja na kuondoka kama tembo. Ukivuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, laini yako ya Tanzania inakuwa ya gharama au ya mapambo. Anayekwenda Kigali kupitia Rusumo anavuka daraja na upande wa kuendeshea unageuka, kutoka kushoto kwenda kulia, huku usukani wake ukiwa palepale ulipokuwa. Hapo si mahali pa kusubiri ramani ifunguke. Lakini ramani iliyopakuliwa inachacha, usisahau. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Mwenye ramani ya zamani bado anapelekwa kwenye kivuko.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nibadili mawazo yangu: iwe ni ramani unayoweza kuisahihisha. Ramani za kulipia nyingi zinakuruhusu kutuma malalamiko, yanakwenda mahali, unasubiri. OpenStreetMap unaandika mwenyewe. Ukiona barabara inakataza zaidi ya tani 10, unaandika tani 10. Kwa simu ya Android ipo programu ndogo, StreetComplete, inayokuuliza maswali ukiwa palepale: kibao hiki kinasema mita ngapi, daraja hili linabeba tani ngapi. OsmAnd itaisoma kazi yako ukishapakua ramani mpya.

Basi, mimi nimekwishachagua. Kwenye kichwa cha semi ya mjomba iko OsmAnd, mpangilio wa lori, kimo cha mita 4.2, uzito tani 50. Google Maps iko kwenye simu ya utingo, ya kuangalia foleni tu, na utingo haruhusiwi kusema "kunja hapa". Kama mjomba angekuwa anakwenda Afrika Kusini mara kwa mara, ambako ramani za kulipia zimechorwa kwa kina zaidi, ningemshauri alipie. Kwa safari zake, fedha hiyo ni ya tairi. Sauti ya programu tumeizima. Ilikuwa ya mama wa Kizungu anayetamka Mbeya kama jina la dawa, na mjomba alisema hawezi kuamrishwa na mtu asiyeijua Mbeya.

Najua pingamizi lililopo: nani atakaa aandike madaraja yote haya? Jibu ni kwamba kazi ya namna hii imewahi kufanywa hapahapa. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi katika mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, wakishirikiana na wakazi, wakachora barabara, mifereji na majengo ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Nairobi, Kibera ilikuwa kama doa tupu hadi vijana wa pale walipoanza kuichora mwaka 2009. Wale walikuwa wakitembea kwa miguu. Madereva wa malori wanapita kila daraja la nchi hii kila wiki, na tayari wanapeana habari: kwa taa, kwa sauti za WhatsApp, kwa matawi ya miti yanayotandazwa barabarani nyuma ya gari lililoharibika. Matawi yale yalikuwapo kabla ya Waze, na hakuna dereva anayeyadharau. Kinachokosekana ni kuiandika habari mahali ambapo haitakauka.

Nao TANROADS na TARURA, wakala wa barabara wa serikali, wana vitabu vya madaraja yao. Wanajua lipi limejengwa lini na linabeba nini, maana ndio wanaoyakagua. Taarifa hizo zikitolewa wazi, kwa namna ambayo ramani inaweza kuzisoma, kazi ya miaka itakuwa ya miezi. Sioni siri ya taifa katika kimo cha daraja.

Nilirudi kule kwenye kalavati mwaka jana, kwa miguu. Mama wa maandazi alikuwapo, akanikumbuka, akacheka vya kutosha. Nikamuuliza kama pale hapajawahi kuwekwa kibao. Akanionyesha kwa kidevu: bomba la chuma lililosimama kwenye majani, tupu, limepinda kidogo juu. Kibao kilikuwapo, akasema, kikaondoka usiku mmoja na watu wa chuma chakavu. Nilikwenda hadi ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji alikumbuka kilichoandikwa: mwisho tani 10. Nikatoa simu, nikaigusa ile barabara kwenye ramani, nikaandika 10. Ilichukua kama dakika tano, nyingi kati ya hizo nikitafuta nenosiri. Kibao hicho hakuna atakayekipima kwa kilo.

Wajomba zangu mlioko barabarani, najua foleni ya Tunduma ilivyo. Mnakaa pale siku nzima mkichezea simu. Andikeni daraja moja.